Mto wa Esnasi

Kwanza niliuvua foronya, nikauona ulivyo:
ramani ya njano, jasho juu ya jasho,
mafuta ya nywele ya binti zangu watatu,
mate ya mgeni mmoja aliyelala na viatu.
Rispa, wifi yangu, akasema tupa,
pale Mbale sokoni kuna ya sponji, mia tatu, na maua juu.
Nikamwambia sponji haijawahi kutaga yai.

Mto huu aliushona shangazi Esnasi
mwaka ule bata wake tisa walipomaliza sukuma ya jirani
na kikao kikaamua wachinjwe wote.
Alichambua mwenyewe. Nyoya la bawa, kando,
lina mfupa, litakutoboa shavu.
La kifua, ndani.
Na yale yasiyo na uti, mepesi, ukihema yanahama,
aliyaita malaika,
akayafunika kwa bakuli, tukakatazwa kupiga chafya.
Kitambaa akakisugua nta ya nyuki upande wa ndani
ili hata malaika mmoja asitoroke.

Nilikagua mshono kwa kidole, pande zote nne.
Maji vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto.
Sabuni ya kipande niliikwangua kwa kisu, kijiko kimoja, basi;
povu likizidi halitoki,
na manyoya hushikana kama ugali wa juzi.
Mto ukakataa kuzama.
Niliusukuma, ukaibuka. Niliulalia kwa viganja vyote,
ukapumua pembeni, ukaibuka tena.
Manyoya hayajasahau.
Miaka thelathini na miwili chini ya vichwa vyetu
na bado yanajua kuelea.

Kisha yakanywa. Mto ukawa mto,
mzito, wenye mkondo wake ndani,
na harufu ikapanda kutoka kwenye beseni:
bata, bata kabisa, na matope ya Edzava kwenye vidole vyake.
Niligeuka kutazama nyuma yangu.

Usiukamue, hii si jinzi. Ukandamize tu,
kama unayemsihi mtu aseme ukweli.
Maji ya kwanza yalitoka kama strungi.
Ya pili, kama maji ya mchele.
Ya tatu yalikuwa karibu kutakata,
nakandamiza pembe ya kushoto,
pembe ikanijibu.
Tone la damu kwenye povu.

Mshono ulikuwa umeachia inchi mbili,
na katikati ya bonge la manyoya mabichi
sindano, nyeusi kwa kutu, tundu lake zima.

Sindano hiyo Esnasi aliitafuta siku tatu.
Alifagia ua. Alipepeta hadi wimbi wa uji.
Kisha akasimama mlangoni petu,
akamwambia mama yangu, watu wakisikia:
Wewe ndiwe uliyeingia mwisho.
Mama hakula tena kwa Esnasi.
Hata matangani mwake alisimama nje, kwenye migomba,
akashika kikombe cha chai hadi kikapoa.
Na sisi tulikuwa tunalala juu ya ugomvi huo,
kila usiku, kwa zamu.

Kukausha kulichukua siku tatu, juu ya jiwe lile kubwa nyuma ya nyumba.
Asubuhi jua. Saa nane mbingu za Maragoli hazikosi miadi,
nikaubeba mbio ndani kama mgonjwa.
Kila saa, geuza. Makofi mawili. Pekecha bonge kwa vidole.
Weka shavu: ukihisi ubaridi, bado.
Mwenye haraka hulalia kuvu.

Siku ya nne nilimpelekea mama mto,
na sindano kwenye kisahani.
Ana miaka sabini na sita. Hakuniuliza ilikuwa wapi.
Aliisugua kwa majivu,
akaipitisha mara mbili kwenye nywele zake nyeupe,
akatunga uzi bila miwani,
akaziba zile inchi mbili
kwa mishono midogo, midogo kuliko ya Esnasi.
Akakata uzi kwa jino.

Mto akanirudishia.
Sindano akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake,
akainuka, akaenda nayo.