Fundi Dulamsuren Anataka Kusikia Mwenyewe

Delika yangu ni ya mwaka tisini na saba,
usukani uko kulia, na nchi yetu hupita kulia,
kwa hiyo nikitaka kulipita lori la shaba
humwuliza aliyeketi kushoto: vipi, kweupe?

Ina magonjwa mawili.
Nikisimama kwenye taa za Erdenet
sailensa hupanda, hushuka, hupanda,
kama mtu anayetaka kukuambia jambo
halafu anakumbuka kuna wageni.
Na kutoka gia ya pili kwenda ya tatu husita,
injini inalia peke yake hewani,
kisha kishindo, kama goti nyuma ya kiti,
na chupa za maziwa zinagongana meno.

Ikifika gereji inatulia tuli.

Gantömör alimwaga mafuta ya giaboksi,
meusi, yananuka mkate ulioungua,
akatia mapya, mekundu. Ikapona siku kumi na moja.
Mwingine alisugua throto kwa mswaki wa mwanawe.
Shemeji yangu Luvsan, ambaye hakuulizwa,
alibadilisha plagi, akanywa bakuli tatu za supu,
akasema giaboksi imekufa, nunua nyingine.
Giaboksi moja ni ng'ombe wanne.
Ninao sita.

Dulamsuren alifunga injini za treni mgodini
hadi mgongo ulipokataa. Hakufungua boneti.
Aliuliza: "Huugua saa ngapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikafikiri. Si alfajiri, kwenye baridi ya kupasua ndoo.
Ni baada ya kilomita ishirini hivi,
injini imeshapata moto, mwendo hamsini,
wala si mlimani: tambarare, pale pa kujisahau.
"Twende. Nataka kusikia mwenyewe."

Akachoma waya mmoja kwa pini ya kushonea,
akaweka mita mapajani juu ya koti,
tukatoka na maziwa kuelekea Bulgan.
Tarakimu zilipanda kadiri nilivyokanyaga,
moja nukta moja, moja nukta mbili,
halafu sifuri.
Halafu moja nukta tatu.
Kishindo. Chupa.
"Huyo," akasema, bila ushindi,
kama unavyomtaja mtu aliyejificha nyuma ya pazia
na viatu vyake vinaonekana.

Aliipasua ile sensa ya throto kwa bisibisi,
kidude kisichozidi kiberiti.
Ndani mna njia nyeusi, na kidole cha chuma
kinachopita juu yake kutwa
kuiambia giaboksi mguu uko wapi,
kuiambia injini mguu umeondoka.
Njia ilikuwa imeliwa mahali pawili:
mwanzoni kabisa, pale pa kungojea taa,
na mbele kidogo, pale pa hamsini.
Magonjwa mawili, mwongo mmoja.
"Hakuna aliyeharibu," akasema.
"Ni hapo ulipopenda kukaa."

Mimi miaka tisa. Kabla yangu, Mjapani fulani
aliyebandika karatasi kwenye dashibodi,
maandishi ambayo hapa hakuna awezaye kuyasoma.
Naye, inaonekana, hakuwa na haraka.
Hatujaonana, lakini tumechimba kijishimo kimoja,
yeye na mimi, kwa unyayo.

Sensa nyingine tuliing'oa kwenye Delika mfu
nyuma ya ghala la makaa. Bei: nusu mbuzi na jibini.
Luvsan anasema ni bahati tu, ngoja masika.
Mshale umesimama mia saba na hamsini.
Gia ya tatu inaingia, sijui inaingia saa ngapi.
Bado kwenye taa najikuta nimeshika pumzi,
na jana, nikiwa peke yangu na barabara nyeupe,
nilikanyaga hadi sitini, kwa makusudi,
nianze kula mahali pengine.