Nukta ya Nansio

Kirumba, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
nakaa na nukta thelathini na nne.
Kila nukta ni mtu anayeuza kitu:
dawa Mabatini, vipuri Igoma,
sangara wa barafu pale Igogo, ambako
kipimo kidogo ndani ya jokofu
hunitajia baridi yake kila dakika tano,
kama mtoto anayeitwa darasani akajibu nipo.

Kijani, wapo. Njano, wanasitasita.
Nyekundu, simu yangu inalia, ya bosi wangu Kwilasa inalia,
nami napiga:
Shikamoo mama, hebu kitazame kile kisanduku cheusi,
taa zake zinawaka?
Zinawaka, mwanangu, ila mbuzi kala waya.

Wengi sijawaona sura.
Nawajua kwa mapigo tu.
Gesti ya Capri Point huhema saa nne usiku, wageni wakitazama mpira.
Ushirika wa Buhongwa hulala mapema na kuku.
Na Bwana Mtaki, saruji na misumari, Nansio,
mwendo wa saa tatu kwa meli,
huyo ndiye aliyenitoa jasho.

Kila jioni, saa moja na dakika kumi
(kompyuta huandika kumi na tisa na kumi,
haijui jua letu huanza kuhesabiwa wapi),
nukta yake huwa nyekundu.
Anachomoa.
Nikampigia, nikamweleza: usiku ndipo tunaponakili
daftari lako la mauzo, ndipo tunapoitia mashine viraka.
Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema:
Binti, umeme nanunua mimi. Nikifunga duka, nafunga duka.

Basi nikaandika kanuni:
Nansio ikizimika baada ya saa moja, usimwamshe mtu.
Kwilasa akacheka, eti nimeshindwa na swichi ya ukutani.
Miezi minane.

Alhamisi moja ya Novemba, wadudu wa ziwani
wameganda dirishani kama unga wa mtama,
nikainua macho kutoka kwenye chai. Saa moja na nusu.
Ukuta mzima kijani.
Siku kama hiyo mtu huenda nyumbani.
Nikachukua begi. Nikafika ngazini.
Nikarudi.

Nansio ilikuwa kijani.

Kijani haina kanuni.
Programu tunayoilipia kwa dola kila mwezi
inajua kumlilia aliyezimika,
haijui kumshtukia anayewaka nje ya saa yake.

Nikapiga. Iliita mpaka ikachoka.
Kwenye fomu, mahali pa mtu wa karibu:
Masatu, fundi cherehani, mlango wa pili.
Fundi, samahani, hunijui. Duka la Mtaki limefungwa?
Mlango umerudishiwa tu.
Ingia.
Kuna nini?
Ningemwambia nini? Kwamba taa inawaka?
Ingia tu, fundi.

Nikasikia kandambili kwenye changarawe,
mlango wa bati ukilalamika,
halafu jina likiitwa mara mbili,
ya pili kwa sauti nyingine.

Alikuwa chini, nyuma ya mabati ya geji thelathini,
mdomo umekwenda upande,
mkono mmoja umenyooshwa kuelekea ukutani,
hatua mbili kutoka kwenye plagi.

Januari akarudi dukani na mkongojo.
Hakupiga simu. Meli ilileta gunia la machungwa,
karatasi imeshonewa juu yake, mshono wa fundi Masatu:
kwa binti wa taa.
Na bado anachomoa.

Kanuni nimeigeuza:
Nansio ikiwaka baada ya saa moja na robo, niamshe.
Kwilasa anauliza atamwelezaje mkaguzi.
Simjibu. Namenya chungwa.

Saa moja na dakika tisa. Nimeshavaa viatu,
begi liko begani.
Zima, Bwana Mtaki.
Zima, niende nyumbani.