Harufu na Herufi

Nilikuita Kasha, kwa uji wa nafaka nyeusi
aliokuwa akiupika bibi yangu, mhamiaji, asubuhi za theluji.
Jina likakukaa. Kasha lisilo na kufuli,
kila apitaye huacha humo chake bila kujua:
sabuni, hofu, jibini, bangi ya juzi ya mtu mwingine.

Mimi nilisoma herufi. Wewe ulisoma harufu.
Ndiyo kazi tuliyoajiriwa, miaka saba,
katika gereza lililo mwisho wa lami, Saskatchewan,
ambako upepo hauna mti wa kugongana nao.

Kanuni ilikuwa fupi: mbwa akiketi, kuna kitu.
Si kubweka, si kung'ata. Kuketi tu,
kama mgeni mstaarabu aliyeonyeshwa kiti,
na maisha ya mtu yakapinda hapo ulipoweka makalio.

Januari ile, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
wageni walipanga mstari, buti zikichuruzika,
na wa nne alikuwa Philomène Laliberté,
saa saba barabarani, vituo viwili vya petroli,
soksi moja ya sufu imevaliwa ndani nje.
Ukamzunguka. Ukarudi. Ukaketi.

Alikutazama wewe, si mimi. Akasema, "Mbwa mzuri,"
kwa Kikrii kwanza, kisha kwa lugha yangu,
ili nami nisikose.

Tukampekua. Mshono, kisigino, meno ya bandia.
Hapakuwa na kitu. Labda noti ya dola ishirini
aliyorudishiwa chenji na kijana wa petroli,
labda kiti cha gari aliloazima kwa mpwa wake.
Hapakuwa na kitu, lakini ulikwisha keti,
na fomu haina kisanduku cha "labda".
Akamwona mwanawe kwenye kioo, dakika arobaini,
simu ikikwaruza, kiganja chake kikiacha ukungu
nilioufuta baadaye kwa mkono wa shati.

Penye moshi pana moto, ndivyo wasemavyo.
Mimi nimeona moshi uliosafiri peke yake
maili mia nne, katika nywele za mama wa mtu.

Halafu Machi ikaja kadi ya siku ya kuzaliwa.
Ndege wa buluu, kalamu ya nta, mwandiko wa mtoto:
Anko, rudi tucheze hoki.
Nikaisoma, nikatabasamu. Ukainusa, ukapita.
Dawa ile ilikuwa mpya, haijapewa jina hata na walioipika,
imelowekwa kwenye karatasi, ikakauka bila alama.
Waliikata vipande kama stempu.
Mmoja akavuta bawa, mwingine akavuta mdomo.
Aliyekufa hakuwa mwana wa Philomène.
Ningependa kusema alikuwa yeye, shairi lingekaa sawa.
Alikuwa wa seli ya jirani, Corbin Yaworski,
aliyeomba kipande cha mkia ili apate usingizi.

Tangu hapo barua zote ni nakala.
Mashine inameza asili, inatema kijivu.
Mtoto huchora jua, baba hupokea sahani ya majivu.
Nao wakubwa wakasema: ongezeni mbwa.

Leo umestaafu. Nyonga zimekaza, kidevu cheupe.
Walikupa biskuti na cheti. Nilikusomea kwa sauti,
ukakinusa, ukakitafuna pembe.
Nimefika nyumbani, nimevua koti la kazi.
Umenizunguka. Umerudi. Umeketi.

Hakuna mgeni hapa, bibie. Jiko, mimi, buti zangu.
Umeketi tu, macho hayapepesi,
nami, kama nilivyoona wengine wakifanya,
nageuza mifuko nje, mmoja mmoja,
naweka mezani: funguo, glavu, risiti ya petroli,
na vumbi la pindoni, ambalo sijui kulisoma.