Jozi Mbili

Alizaliwa na kilo tano kasoro robo,
ulimi ukichungulia nje kama mtu dirishani,
na wodi nzima ikanipa hongera.
"Mashaallah! Huyu amezaliwa au amehamia?"
Nikacheka, na nyuzi nilizoshonwa zikanikataza.

Mama mkwe alikuja na ubani,
akamfunga uzi mweusi mkononi. Kijicho, alisema,
watu hawana dogo.
Mwezi haukuisha, uzi ukambana.
Akaukata, akafunga mrefu zaidi.
Nao ukambana.

Daktari wa Makadara hakutaja kijicho.
Alichora nyuma ya risiti ya dawa:
kuna mahali mwilini paliopewa kazi ya kusema "basi, yatosha."
Kwa mwanao, sauti hiyo ni hafifu.
Si wewe, si babake, si ulichokula.
Kisha akaishusha yake,
kama mwenye duka ashushavyo bei:
Figo. Ini. Tutazichungulia kila miezi mitatu
mpaka atimize miaka minane.
Wengi hawapatwi na saratani.
Wengi ni wangapi?
Tisa katika kumi, akasema, au zaidi.
Nikatoka nimembeba yule wa kumi.

Ilikuwa Machi. Tangu hapo mwaka wangu una miezi minne:
Machi, Juni, Septemba, Disemba.
Iliyobaki ni njia tu.

Kongowea, kwenye marundo ya mitumba, nanunua jozi mbili:
kulia ishirini na nane, kushoto ishirini na sita.
"Mapacha?" huuliza muuzaji.
"Mmoja."
Vinavyobaki naviweka katika boksi la sufuria, chini ya kitanda:
vya kushoto vikubwa, vya kulia vidogo,
havijakanyaga kitu.
Usiku mwingine nawaza yuko mtoto,
Changamwe labda, au Tudor,
mguu wake wa kushoto ndio uliotangulia,
na mamake naye ana boksi.

Dada Nyevu hupaka ile jeli ya baridi,
na Msellem hucheka kabla haijamgusa.
"Mama, tumbo langu lina televisheni!"
Naitazama. Siijui kuisoma.
Nausoma uso wa Nyevu,
nyusi zake nimezihifadhi kama wengine wahifadhivyo juzuu.

Leo amesimama.
Anarudisha kile kidude palepale, upande wa kushoto.
Anabonyeza. Anapima. Anabonyeza tena.
Feni inazunguka, haileti upepo.
"Alikunywa soda?"
"Fanta. Hapo nje."
"Basi ni gesi. Figo zake safi."

Nikaenda chooni, nikafungua bomba
ili lilie badala yangu,
na bomba, bomba la Mombasa,
likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nje akataka mahamri mawili.
Nikamnunulia manne.
Akayamaliza, akalamba vidole, akaomba jingine.
Kula, mwanangu, nikamwambia, kula ushibe.
Na mkono wangu ulishafika tumboni pake,
unabonyeza.