Kilo Ishirini na Mbili

Umeingia na theluji begani, Momchil,
hukusalimu, umesema tu: "Ishirini na saba,"
kwa sababu bingwa uliyembandika ukutani
hukaza nyuzi zake kwa kilo ishirini na saba.
Keti. Sogea karibu na hita.
Bingwa wako ana mtu wa kumkanda bega asubuhi,
mwingine jioni, na raketi tisa mfukoni.
Wewe unayo moja,
na kiwiko cha miaka kumi na sita.

Uzi uliokazwa sana hutii:
mpira huenda ulikotumwa, hauzidishi hatua,
ila kila pigo, mkono ndio unaolipa.
Uzi uliolegea hukupa nguvu za bure,
na cha bure kina wazimu wake:
mpira unaruka uzio, unautafuta mto Maritsa.
Nitakutilia ishirini na mbili.
Wima poliesta, mlalo nailoni laini.
Ukinuna, nuna. Mashine hii
hainisikilizi mimi wala wewe,
inasikiliza uzito.

Tazama. Naanzia katikati,
mmoja kushoto, mmoja kulia, kushoto, kulia,
fremu isijepinda kwa upendeleo.
Kisha mlalo: juu, chini, juu, chini,
kama bibi yangu alivyofuma mazulia,
ila zulia halikumrudishia mtu mpira.
Usiiache garini, Julai wala Januari.
Usingoje ikatike ndipo uje:
poliesta hufa kimya, imenyooka vilevile,
uhai umeshatoka.

Watu husema kamba hukatikia pabovu.
Miaka thelathini na moja nakata nyuzi za watu;
uzi wa raketi hukatikia panapopendwa,
katikati kabisa,
pale mpira unaporudi kila siku.

Mimi namshabikia nani?
Utacheka. Yoana Tserovska.
Wa mia mbili na kumi na nne duniani.
Humjui. Televisheni nayo haimjui.
Alisimama hapo ulipo, ana miaka kumi na miwili,
akanilipa kwa sarafu zinazonuka mnanaa,
akaigonga raketi kiganjani, akainamisha sikio,
akasema, "Hii imepanda mno, Bwana Stamen."
Nikapima.
Ilikuwa imepanda. Nusu kilo.

Jana alicheza Meksiko, mechi ya mchujo,
kwetu saa tisa za usiku.
Hakuna picha, ni tarakimu tu kwenye simu:
kumi na tano, thelathini, thelathini sawa,
halafu kimya kirefu,
nikajua anafuta jasho, au anabadili raketi.
Nilisimama jikoni na soksi,
nikiiambia simu, "Ingia mbele, usimngoje!"
Ginka akaita kutoka chumbani:
"Stamen, unagombana na hesabu?"

Mji ule uko juu milimani,
hewa nyepesi, mpira unapaa kama uvumi.
Huko unaongeza kilo moja, hata mbili.
Nani alimkumbusha?
Kocha hana, tangu vuli anasafiri peke yake.
Nilikuwa na namba yake ya zamani.
Nikaandika, "Ongeza kilo," nikafuta.
Nikaandika tena. Nikafuta.
Mimi ni nani? Fundi wa chini ya ngazi.

Seti ya tatu, saba kwa tano.
Tarakimu zikaganda upande wa yule mwingine.
Niliosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi,
nikaja kufungua duka.

Haya, chukua. Igonge kiganjani.
Hapana, si hivyo, legeza vidole. Sikia.
Usiniambie ni nzuri. Niambie inasemaje.

Utalipa Ijumaa.
Na ufunge mlango, baridi inaingia.
Wiki ijayo anacheza Slovakia, ukumbini,
saa nne asubuhi.
Simu itakuwa hapa, kando ya mkasi.
Ukitoroka shule mimi sijui lolote,
ila kigoda kipo.