Kioo Kinataka Macho

Gari la Mama Kyungu lilishuka melini Dar,
likapanda lori wiki tatu mpaka Kasumbalesa.
Ndani yake hamna kitufe hata kimoja.
Kuna kioo tu, kipana kama sinia la harusi,
kinachoniamkia kwa Kiarabu kila asubuhi,
kwa heshima kubwa, neno nisilolijua.

Kwenye ramani yake bado tuko Sharja.
Nikikata kona ya Katuba
mshale wa buluu unaogelea baharini peke yake.

Pejo ya marehemu ilikuwa na vifundo.
Nilivijua gizani kama kitasa cha chumba changu:
hiki upepo, hiki redio,
hiki kilivunjika, tukakizungusha kwa koleo.
Mkono ulifanya kazi yake, macho yakabaki njiani.

Hiki kinataka macho.
Nacho hakinitambui mimi:
miaka kumi na moja ya kuosha mawe Ruashi
imesaga mistari yote ya vidole.
Hata siku ya kuandikisha kura
walinichovya wino mara nne,
wakaandika: haisomeki.

Mwezi wa saba, alfajiri, barabara ya Kasapa.
Mama akasema, "Mwepu, baridi hii! Punguza upepo."
Nikagusa.
Nikabonyeza.
Nikasugua kidole kwenye suruali, nikagusa tena.
Nikatazama, pumzi mbili tu,
na baiskeli ya makala ikawa chini ya bampa.

Magunia manne yalipasuka kwenye lami.
Mwenyewe aliinuka, akajipapasa magoti,
moja, la pili, akarudia la kwanza.
Hakutukana. Ningependa angetukana.
Aliinama dirishani kuona
ni kitu gani kilichokuwa kizuri kuliko yeye.

"Ni hiki?"

Akapitisha mkono mbele ya kifua changu,
akagusa kwa kidole cheusi, mara moja.
Upepo ukanyamaza.

Mama alilipa makala, alilipa gurudumu,
alilipa na siku yake iliyopotea.
Hakuniambia kitu mpaka getini,
na getini pia hakuniambia.

Jioni nikachukua kitambaa laini na maji ya uvuguvugu.
Alama yake ilikuwa pale, upande wa kulia:
mduara ndani ya mduara, hakuna uliokatika,
kama kisiki cha mti uliokatwa jana.

Nikaifuta Sharja, mitaa yake yote.
Nikafuta bahari.
Pale, kitambaa kikazunguka.