Saa Nne za Tofauti

Sohari, mwezi wa nane. Nje, joto limekaa juu ya lami
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ndani, chumba cha seva, nimevaa sweta juu ya baibui
na vidole vimekufa ganzi.

Humu mna wawili wasiosemezana.
Wa kwanza ana macho, hana mikono:
anaona diski inavyojaa, feni inavyokwama,
anaona seva ya mishahara ikihema,
na hupiga kelele usiku kucha kwenye skrini
isiyo na mtu mbele yake.
Wa pili ni mtu wa ratiba. Saa ikifika, anatenda:
ankara za maji, hesabu za dizeli, mishahara.
Nyumba ikiungua atafagia ua,
kwa kuwa ni zamu ya kufagia ua.

Mwezi uliopita diski ilijaa.
Wa kwanza alisema. Alisema mara mia mbili na kumi na nne,
nimezihesabu.
Wa pili akaandika mishahara papo hapo palipojaa,
orodha ikakatikia herufi M.
Ndiyo maana Mizanur, anayepiga deki ngazi zetu,
alisimama mlangoni kwangu siku tatu
na karatasi ya benki mkononi, akitabasamu kwa haya,
kana kwamba kosa ni la jina lake.

Basi usiku huu nawaozesha.
Jomon yuko kwenye simu, Ruwi; namsikia akinywa chai.
Naandika anwani. Naandika namba ya lango.
Kimya.
Nauomba ukuta-moto unipishe, unanipisha shingo upande.
Nafungua akaunti ya mjumbe: ya kusoma tu,
maana mshenga hapewi funguo za chumbani.
Nenosiri linakataa. Linakataa tena.
Dakika arobaini zinapotea, kisha Jomon anacheka:
mwishoni mna nafasi tupu,
imenakiliwa pamoja na herufi, haionekani,
na mashine imeihesabu.

Kijani. Wameshikana mikono.
Naijaza diski ya majaribio takataka,
wa kwanza anapiga ukelele, ukelele unavuka,
wa pili anaupokea, anautazama,
anautupa.
*Habari ya zamani*, ameandika. *Imepitwa na saa nne.*

Simu nyingine inalia. Ni mama.
“Warudi saa ngapi?”
“Saa kumi na moja, mama. Lala.”

Nikanyamaza na simu mkononi.
Mama alizaliwa Wete. Saa ya ukutani jikoni kwetu
ikionyesha saba yeye husoma moja,
na mwalimu wangu wa darasa la kwanza hapa Sohari
alinichapa kwa kusoma kama mama.
Tangu hapo natoa sita, naongeza sita,
bila kujua kwamba nahesabu.

Saa saba na dakika arobaini usiku, ndiyo saa yetu hapa.
Mwenye macho anahesabu kwa saa za Griniwichi:
kwake ni saa tatu na dakika arobaini, usiku bado mchanga.
Hakuna aliyesema uongo.
Mstari mmoja tu: *ongeza nne.*
Na chini yake: diski ikipita asilimia tisini,
zuia mishahara, niamshe mimi.

Najaza takataka upya.
Ukelele unavuka.
Na kwenye skrini ya yule asiyewahi kungoja mtu
linatokea neno moja, rangi ya manjano:
*Inasubiri.*
Jomon anasema kitu kwa Kimalayalam. Sikukielewa, nikaitikia.

Kumekucha nilipotoka. Mizanur yuko kwenye ngazi na ndoo yake,
hajui lolote, anainua kiganja:
sakafu bado mbichi.
Nikasimama pale pale juu, viatu mkononi,
nikangoja ikauke.